Mzee wa Brashi Anajibu: Ndege 11, Marubani Watano

*Shikamoo Mzee wa Brashi. Sisi ni vijana watano wa Jinja, tuna shirika letu la ndege la kwenye simuleta, makao yake Entebbe. Tunatumia X-Plane. Tumeshapaka aina 11 za ndege kwa rangi zetu za bluu na njano, kuanzia Cessna Caravan hadi Boeing 747. Lakini kwenye ndege mbili jina letu linasomeka kinyumenyume upande wa kulia, kompyuta ya mwenzetu inaganda kila akipakia 747, na sasa wengine wanataka tuongeze A380. Tufanyeje?*
*Kijana wa Jinja*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jina, maana linanikera hata mimi nisiye na hisa.

Ile picha unayoipaka ni ngozi ya ndege iliyochunwa na kutandazwa. Aliyeunda ndege ndiye aliyeamua kila kipande kivaliwe wapi. Wengine, ili kubana nafasi, hutumia kipande kimoja cha ubavu kwa pande zote mbili, na ubavu wa kulia unakuwa kama wa kushoto ulioonekana kwenye kioo. Hapo hata upake mpaka Krismasi herufi zitageuka tu, labda muamue shirika liitwe OTTO. Kuhakikisha, fanya ninavyofanya mimi: chukua picha tupu ya rangi (mimi huiita karatasi), igawe miraba kama ule mkanda wa bluu wa taksi zetu, kila mraba uandike namba, ipakie, kisha izunguke ndege taratibu. Ukiiona 14 kushoto, ukaenda kulia ukaikuta 14 ileile imegeuka, basi usijisumbue. Tafuta ndege ya aina hiyohiyo iliyoundwa na mtu aliyetenganisha pande mbili. Kama unaipenda sana hiyo uliyo nayo, futa jina ubavuni ubaki na rangi na bendera.

Bendera, ajabu, haidhuriki. Korongo wa kwenye bendera yetu ya Uganda hutazama mlingotini, na kwenye ndege mlingoti huhesabiwa kuwa upande wa pua, kana kwamba bendera inapepea kwa upepo wa mwendo. Kwa hiyo upande wa kulia korongo anatakiwa ageuke ili aendelee kutazama mbele. Kioo kilichokuharibia jina ndicho kinachokuwekea korongo sawa.

Sasa kuganda. Wingi wa ndege hauhusiki. Hizo 11 zinakula diski, lakini programu inapakia rangi za ile unayoirusha tu. Nadhani mmepaka 747 kwa karatasi za piseli 8192 kwa 8192. Karatasi ya 4096 isiyobanwa ni megabaiti 64. Ya 8192 ni mara nne yake, yaani 256. Weka tatu au nne za namna hiyo, ongeza uwanja wa ndege na mawingu, kadi ndogo ya picha imeshajaa. Mwambie mwenzenu azirudishe kwenye 4096 na azihifadhi kama DDS, faili ya picha ya kwenye michezo ya kompyuta, ya aina ya DXT5, ambayo inabana hadi robo. Kutoka 256 anabaki na 16 kwa kila karatasi. Abiria gani atahesabu ribiti?

A380 hapana. Ninyi ni watano, mnarusha wikendi, tena umeme ukiwepo. Uganda Airlines yenyewe ilipofufuliwa ilianza safari za abiria tarehe 28 Agosti 2019 kwa CRJ900, jeti ndogo za safari fupi, zikafika nne, ndipo baadaye zikaja A330-800 mbili, kubwa za safari ndefu. Njia ya kurukia ya Entebbe ina mita 3,658, hiyo 747 yenu itaruka bila wasiwasi, lakini itakwenda wapi? Ukiipeleka Nairobi, hujamaliza kupanda ushaanza kushuka. Mimi ningebaki na Caravan ya kwenda Kihihi, Kisoro na Kidepo, CRJ900 ya Nairobi, Juba na Bujumbura, na A330 moja ya Dubai kwa yule mwenzenu asiyelala. Nane zilizobaki ziwekeni kando, mzitoe siku mkipata rubani wa kuzirusha.

Kwenye A330 jihadharini. Toleo la 900 lina urefu wa karibu mita 63.7, la 800 mita 58.8. Ukichukua karatasi ya moja ukaivuta iingie kwenye nyingine, herufi zinaangukia mlangoni. Kosa hilo nililifanya Katwe nikiwa kijana, kwenye taksi halisi. Nilianza mkanda nyuma, nikaja na miraba yangu mizuri hadi mlango wa mbele, nikabaki na nusu mraba. Mwenye gari akaniambia, "Ssebo (yaani bwana), hii nusu utailipia wewe," na kweli alinikata. Tangu siku hiyo naanzia mlangoni. Milango haihami, ndiyo inayokupangia herufi zikae wapi.

Halafu msinakili nembo ya shirika la kweli bila ruhusa yao ya maandishi. Igeni akili ya Uganda Airlines badala yake. Kuna CRJ yao iliyosajiliwa 5X-KOB, na A330 zao ni 5X-NIL na 5X-CRN. Mganda anayesoma anaona kob, yule swala wa kwenye nembo ya taifa, anaona mto Nile, anaona korongo, yaani crane. Ninyi wa Jinja mkikosa herufi tatu za kuweka baada ya 5X, alama ya usajili wa ndege za Uganda, nitawashangaa.

*Mzee, ndege yangu nikiwa karibu inapendeza, nikienda mbali mistari inametameta kama samaki. Nimebadilisha rangi mara tatu.*
*Msomaji, Gulu*

Rangi zirudishe zilivyokuwa. Unapohifadhi DDS, hata kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, kuna sehemu ya kuchagua mipmapu. Hizo ni nakala ndogondogo za picha hiyohiyo, kila moja nusu ya iliyotangulia, na programu huzitumia ndege ikiwa mbali. Wewe hukuzitengeneza, kwa hiyo kompyuta inaibana picha kubwa kwenye vidoa vichache vya skrini, na mistari inacheza. Faili itaongezeka kama theluthi. Vumilia.

*Mzee mwenzangu, utotoni nikiwa Entebbe niliiona Super VC10 ya East African Airways ikitua. Mjukuu amenipatia ya kwenye kompyuta. Niandike usajili gani?*
*Mstaafu, Entebbe*

Umenigusa. Zilikuwa tano, na kwa kuwa shirika lilikuwa letu sote, ziligawanywa hata kwenye usajili: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Wengi huchagua 5X-UVA kwa sababu ndiyo ya kwanza. Mimi siipaki. Ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kusimama badala ya kuruka, watu 43 wakafa. 5H-MOG ina fahari yake, ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, ililetwa mwaka 1970. Kwa mtu wa Entebbe ningeandika 5X-UVJ. Paka masizi kidogo nyuma ya zile injini nne za mkiani, zilikuwa zikitoa moshi kweli, nawe bila shaka unaukumbuka kuliko mimi. Kama kumbukumbu yako inasema yalikuwa mengi zaidi, ongeza.