Kabla hujafundisha mdundo, watazame wakicheza

Nilimnyang'anya mtoto wa Gredi ya Nne popiti katikati ya somo, ile plastiki laini yenye viputo vya kubonyeza, nikaitia mfukoni. Jioni kwenye feri ya Likoni nikajikuta naibonyeza mwenyewe, pu, pu, pu, abiria wa kando ananitupia jicho. Nikasema basi, kesho hii inaingia darasani kufundisha muziki.

Siku ya kwanza ilinitokea puani. Somo lilikuwa mapigo manne manne, kwa hiyo mtoto abonyeze kiputo kimoja kwa kila pigo na darasa lihesabu. Moja, mbili, tatu, nne... "Mwalimu, vimebaki viwili!" Popiti yake ilikuwa ya mraba, safu sita za viputo sita. Nikawaambia viwili vya mwisho tuviruke. Wapi! Kidole cha mtoto hakiwezi kuviacha viputo vimevimba namna ile. Kila safu aliimaliza, na kila safu hesabu ikavurugika.

Kosa lilikuwa langu: niliubebesha mchezo mdundo usio wake. Tangu siku hiyo, kabla sijafundisha kitu, nausimamia mchezo kwanza nikiusikiliza. Wenyewe unahesabu ngapi?

Popiti ile inahesabu sita, na hapa Mombasa sita si mgeni. Chakacha, ngoma yetu ya pwani, inakwenda kwa sita. Wiki iliyofuata nikawaweka watoto wawili mbele, kila mmoja na popiti yake. Mmoja abonyeze cha 1 na cha 4, mwenzake cha 1, cha 3 na cha 5, wakihesabu pamoja hadi sita bila kukata. Mwanzoni walikanyagana, huyu akimfuata yule. Nikaligawa darasa: wa upande wa madirisha wapige makofi ya yule wa mawili, wa upande wa mlango ya yule wa matatu. Raundi ya tano au ya sita ikakaa. Msichana mmoja wa nyuma akaanza kutikisa mabega. "Mwalimu, hii si ile ya harusini?"

Ndiyo hiyo hiyo. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi.

Na kuna faida ambayo sikuitarajia: kiputo ukishakibonyeza kinabaki kimebonyea. Safu inageuka kuwa maandishi. Mtoto mmoja anaandika mdundo wake, anampa mwenzake ausome kwa makofi. Palipobonyea piga, palipovimba nyamaza.

Kwa mapigo manne nilirudi kwenye kamba ya kuruka. Tafuta kamba ya mkonge, nzito, si ile nyembamba ya nailoni, na uizungushie juu ya saruji, kwani mchangani haisikiki. Kila ikigonga chini, hilo ni pigo. Wazungushaji waende taratibu, mzunguko mmoja kwa sekunde hivi, halafu mtazame anayeruka. Kamba ikienda polepole, mtoto huruka ikigonga, kisha hujidundisha kidogo huku akiisubiri irudi. Kile kidundo cha katikati hakufundishwa na mtu. Ukimtaka aruke bila kukiongeza, unapata "taa", jina la mdundo la pigo moja zima. Akikirudisha, unapata "ta-te", pigo hilo hilo likigawanywa mara mbili. Mimi huwaacha waruke vipindi viwili vitatu kabla sijayataja majina hayo, na siwaandikishi chochote siku hiyo. Niliwahi kuwatoa kwenye kamba moja kwa moja hadi kwenye daftari, uchangamfu wote ukazimika kama taa ya koroboi.

Tatizo kubwa la kamba ni haraka. Wazungushaji wakinogewa wanakimbia. Usiwapigie kelele, wape kazi hiyo wale watoto wawili wapole ambao hakuna aliyewachagua kuruka, utaona mwendo unavyotulia. Wanaosubiri zamu wasikae bure, wao ndio waimbaji: taa, taa, ta-te, taa. Darasa langu lina watoto zaidi ya hamsini, na hii ndiyo njia pekee niliyoipata ya kuzuia vurugu.

Kuandika kunakuja baadaye, kwa vizibo vya soda. Chora viboksi vinne sakafuni kwa chaki. Kizibo kimoja ndani ya kiboksi ni taa, viwili ni ta-te, vinne ni tafatefe. Kiboksi kitupu ni saa, yaani pigo la kimya. Jiandae, kwa sababu ukisema "saa" kwa mara ya kwanza yuko atakayekujibu, "Saa nne na robo, Mwalimu." Cheka nao, kisha rudini kazini. Kimya ndicho kinachowashinda watoto kuliko kitu kingine chochote, wanakiruka kama shimo. Dawa niliyoipata ni mdako: wakati kijiwe kiko hewani huwezi kukiharakisha, unangoja kitue. Nawaambia kiboksi kitupu ni kijiwe kilichoko juu.

Muhula ulipokwisha nilimrudishia yule mtoto popiti yake, imechakaa kwa kupita mikono mingi. Nikamwomba radhi, maana kiputo cha tatu cha safu ya chini kilikuwa kimetoboka. Akaigeuza, akapitisha kidole.

"Hapo ni saa, Mwalimu," akasema, akaitia mfukoni.