Kansa ya koo Bomet si dawa za mashamba ya chai tu

Wapo wanaosema kansa ya koo imejaa Bomet, huko Kenya, kwa sababu ya dawa zinazopuliziwa mashamba ya chai. Hapana, dawa hizo peke yake hazielezi hiyo hali, maana kansa ya koo (namaanisha ile ya umio, njia ya chakula) imejaa ukanda mzima kuanzia Ethiopia, inashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini, na sehemu nyingi za huko hakuna hata shamba moja la chai. Kaunti za Bomet na Uasin Gishu ziko ndani ya huo ukanda, Kilimanjaro pia. Kinachoshangaza madaktari ni umri, hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet walishaandika kuhusu wagonjwa wa chini ya miaka 30, kitu ambacho Ulaya hukioni kirahisi.

Sababu moja hakuna bana. Kuna pombe na sigara, moshi wa kuni jikoni, na chai ya moto kupindukia, IARC (shirika la utafiti wa kansa la WHO) mwaka 2016 waliweka vinywaji vya zaidi ya digrii 65 kwenye kundi la "kuna uwezekano mkubwa vinasababisha kansa". Mursik nayo, yale maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin, imepimwa ikakutwa na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na kansa, ingawa wazee wa kwetu ukiwaambia hivyo watakufukuza boma.

Ila chunga hizo namba unazoona zikisambazwa, nyingi ni za hospitali, sasa hospitali ikijulikana kwa kuweka stenti za koo (vijibomba vya kufungua njia ya chakula) wagonjwa wanatoka kaunti jirani kuifuata halafu wote wanahesabiwa kama wa Bomet. Rejista ya kansa kama ya Eldoret inaangalia mgonjwa anaishi wapi, hiyo ndio ya kulinganisha.