Ukienda Java kusoma, kata tiketi ya Idd kabla hujanunua godoro

Juzi nimepata ujumbe wa binti wa Tanga aliyepata nafasi ya kusoma Yogyakarta, mji wa kisiwa cha Java, Indonesia. Anauliza: treni za Java zinafaa, au apande ndege tu? Mdogo wangu, umenitonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa Jakarta. Rafiki wa darasani akanialika kwao, nje ya Yogyakarta, tule Idd pamoja. Safari hiyo wenyewe huiita mudik: mtu anarudi alikozaliwa, anapiga magoti mbele ya wazazi na kuwaomba radhi. Sasa piga picha kisiwa cha watu zaidi ya milioni 150, eneo lake halifiki hata sehemu moja ya saba ya Tanzania, na mamilioni wanataka kuwa kwao asubuhi ileile. Barabara zinaziba. Ndiyo maana watu wanaililia treni.

Mimi nilikuwa na akili za stendi, ukikosa basi hili unapanda lile. Nikamwachia rafiki anikatie tiketi, naye akaandika jina wanaloniita darasani. Kwenye pasipoti nina majina matatu, na hilo halimo. Mlangoni pale Pasar Senen, kituo cha treni cha Jakarta, mkaguzi akatazama tiketi, akatazama pasipoti, akatikisa kichwa kwa upole. Nikabembeleza kwa Kiindonesia changu kibovu huku kina mama wenye maboksi ya kamba wakinipita. Treni ikaondoka.

Idd nikaila chumbani, tambi za pakiti. Asubuhi mama wa rafiki yangu akapiga simu ya video kunionesha sahani yangu: kuku wa nazi, na wali uliopikwa ndani ya makuti machanga yaliyosukwa. Ilikuwa haijaguswa. Bado inaniuma.

Mkaguzi simlaumu. Miaka ya nyuma watu walikuwa wakipanda mpaka juu ya paa la behewa, wakafa. Jina na namba ya kiti vimeokoa roho za watu.

Kwa hiyo nisikilize. Tiketi za Idd hufunguliwa kama siku 45 kabla ya siku ya kusafiri, saa sita usiku. Usilale. Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na uliandike wewe mwenyewe. Vijana wetu tunapenda kufanyiwa, halafu tunalia.

Tena jifunze reli hiyo ni nini kwao. Waholanzi walifungua njia ya kwanza mwaka 1867, Semarang hadi Tanggung. Tarehe 28 Septemba 1945 wafanyakazi wazalendo wakaitwaa reli kule Bandung, na mpaka leo siku hiyo ndiyo sikukuu ya reli. Upana wa njia ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Mimi niliyekulia Mlimba, kando ya reli hiyo ya TAZARA, mlio wa magurudumu yale uliniliza.

Maana mwaka uliofuata nilikata mapema, nikasafiri. Daraja la chini, viti vinatazamana, magoti yanagusana usiku kucha. Mzee wa mbele yangu alinimegea chakula chake bila kuniuliza natoka wapi. Tulipokaribia Lempuyangan, kituo cha Yogyakarta, kina mama wakaanza kuwachana watoto nywele, behewa zima likanuka mafuta na poda.

Mama wa rafiki yangu alikuwa amesimama nje ya kituo, ameshika mwavuli.