Chama kidogo na serikali ya mseto: maswali yenu na majibu

Maswali haya yametoka kwa wanachama na wapiga kura wa vyama vidogo. Nimeyafupisha bila kubadilisha kiini chake, na nimeyapanga kwa namna ambayo jibu moja linafungulia njia jingine.

Chama chetu kina viti vichache, lakini bila viti hivyo chama kikubwa hakiwezi kuunda serikali. Viongozi wanataka tuingie, wanachama wa kawaida wanaogopa. Tuingie au tusiingie?

Viongozi wenu huenda wanawakumbusha kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa chama kilichobaki nje hakiandai bajeti wala hakisaini kanuni. Hata hivyo, hofu ya wanachama si ya bure. Nchini Uingereza, chama cha Liberal Democrats kiliingia serikalini pamoja na chama kikubwa cha Conservative mwaka 2010 kikiwa na wabunge 57, na uchaguzi wa 2015 ukakiachia wanane. Chama cha Kijani cha Ireland kiliingia mwaka 2007 kikiwa na wabunge sita na katika uchaguzi wa 2011 hakikupata hata mmoja. Kiliporudi serikalini mwaka 2020 kikiwa na 12, uchaguzi wa 2024 ulikibakishia mmoja. Nchini Ujerumani, FDP, chama kidogo kilichoingia serikalini mwaka 2009, ilishuka kutoka asilimia 14.6 ya kura mwaka huo hadi asilimia 4.8 mwaka 2013, ikashindwa kuvuka kizingiti cha asilimia 5 na kukosa viti katika Bunge la taifa kwa mara ya kwanza tangu 1949.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Chama cha Kijani cha Ujerumani kiliingia serikalini na chama kikubwa cha SPD mwaka 1998 kikiwa na asilimia 6.7, na baada ya miaka minne kikapata 8.6. Safari hiyo haikuwa nyepesi, kwani vita vya Kosovo vya 1999, ambavyo serikali hiyo ilijiunga navyo, vilikaribia kukipasua chama hicho kilicholelewa na harakati za amani. Lakini mpiga kura wake alijua jambo kubwa alilolipigia kura, yaani kuachana na umeme wa nyuklia, na jambo hilo lilifikiwa kwa makubaliano na kampuni za umeme mwaka 2000 na kuwa sheria mwaka 2002, huku wizara ya mazingira ikiongozwa na Jürgen Trittin wa chama hichohicho.

Jibu langu, basi, ni kwamba mwingie iwapo mnaweza kutaja, kabla neno wizara halijatamkwa mezani, mambo mawili au matatu ya ilani yenu ambayo yanaweza kukamilika ndani ya muhula mmoja, na iwapo mshirika wenu yuko tayari kuyaandika pamoja na tarehe na fedha zake. Kama orodha hiyo haipatikani, msiingie. Nasema haya kwa sababu napenda vyama vidogo viishi, na nimechoka kuona vikiingia serikalini kwa heshima ya vyeo na kutoka bila watu.

Kwa nini wapiga kura humwadhibu mshirika mdogo kuliko mkubwa, ilhali uamuzi wameufanya pamoja?

Kwa sababu mkubwa hutekeleza zaidi yale aliyoyaahidi, na mdogo huonekana ameyaachia. Tazama jambo la ada za vyuo vikuu nchini Uingereza. Kabla ya uchaguzi wa 2010, wagombea wa Liberal Democrats, kiongozi wao Nick Clegg akiwemo, walisaini ahadi ya maandishi kwa wanafunzi kwamba wangepinga bungeni ongezeko lolote la ada. Picha zao wakiwa wameishika karatasi hiyo zilipigwa na kusambazwa. Mkataba wa serikali ya mseto ulikuja kuwaruhusu wabunge wao kutopiga kura juu ya suala hilo, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa kuwa aliyeahidi kupinga hawezi kuitimiza ahadi yake kwa kukaa kimya. Tarehe 9 Desemba 2010 kikomo cha ada kilipandishwa kutoka zaidi kidogo ya pauni 3,000 hadi pauni 9,000 kwa mwaka, kwa kura 323 dhidi ya 302. Wabunge 28 wa chama hicho waliunga mkono na 21 wakapinga. Kura zao 28 ndizo zilizopitisha hoja.

Mwaka 2012 Clegg aliomba radhi kwa kutoa ahadi ambayo chama hakikuwa na hakika ya kuitimiza. Chama hicho kilikuwa na mafanikio ya kweli pia, kwa mfano kupandisha hadi pauni 10,000 kiwango cha mapato kisichotozwa kodi, jambo lililotoka katika ilani yake. Lakini ilipofika 2015 Conservative nao walilihesabu kuwa lao. Mshirika mkubwa hugawana nanyi lawama kwa ukarimu, na sifa huzikusanya mwenyewe, kwa hiyo jambo mtakalolipigania ni lazima liwe lile ambalo watu walijua ni lenu tangu siku ya kampeni.

Je, si salama zaidi kuiunga mkono serikali kutoka nje, kwa kuipigia kura bajeti na hoja za imani (zile zinazoamua kama serikali ibaki madarakani) tu?

Wakati mwingine ni salama zaidi, na ni njia ambayo vyama vidogo huidharau mapema mno kwa sababu haina magari ya serikali. Mwaka 2017 chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, kikiwa na wabunge 10 tu, kiliahidi kuibeba serikali ya Conservative iliyokosa wingi wa viti, na kwa ahadi hiyo kikapata nyongeza ya pauni bilioni 1 kwa eneo lake, bila kuchukua wizara hata moja.

Msidhani, hata hivyo, kwamba aliye nje hanyeshewi. Nchini Ureno, vyama vidogo vya mrengo wa kushoto viliibeba serikali ya Wasoshalisti kutoka nje kuanzia 2015. Mwishoni mwa 2021 vilikataa bajeti, na uchaguzi wa Januari 2022 ukawapa Wasoshalisti wingi wa viti wa peke yao, huku kimoja cha vyama hivyo vidogo, Bloco de Esquerda, kikianguka kutoka viti 19 hadi vitano. Wapiga kura waliviona vyama hivyo vidogo kama watu walioiangusha serikali iliyokuwa yao pia.

Mkataba uandikweje ili tusimezwe?

Anzeni na hesabu, maneno mazuri yafuate. Afrika Kusini inatoa somo zuri. Baada ya uchaguzi wa 2024 ANC, chama kikubwa kuliko vyote, ilibaki na viti 159 kati ya 400, na tamko la serikali ya umoja wa kitaifa likasema kwamba mwafaka wa kutosha unapatikana pale vyama washirika vyenye asilimia 60 ya viti vya Bunge vinapokubaliana. Asilimia 60 ni viti 240. ANC na DA, chama cha pili kwa ukubwa chenye viti 87, zina jumla ya 246, kwa hiyo zinaweza kufikia mwafaka bila chama kingine chochote. Serikali nzima ilianza na viti 287. Ukiondoa DA vinabaki 200, kwa hiyo bila DA mwafaka haupo. Lakini ukiiondoa IFP, mshirika mdogo mwenye viti 17, vinabaki 270, na mambo yanaendelea. Kifungu kilekile kinampa mshirika mmoja kura ya turufu na kumwacha mwingine mikono mitupu, ingawa wote wameweka saini chini ya maneno yaleyale.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, chukueni kalamu mjiondoe wenyewe katika jumla. Kama serikali inasimama bila ninyi, msitegemee kifungu cha mwafaka. Dai lenu liwe limetekelezwa mapema, ikiwezekana katika bajeti ya kwanza.

Tudai wizara gani?

Ile inayoshika jambo mliloliahidi. Clegg alichukua unaibu waziri mkuu bila kuongoza idara kubwa ya huduma, akawa karibu na kila uamuzi bila kuwa na kazi ambayo mwananchi angeweza kuitazama na kusema hii ni yake.

Sote tukiingia serikalini, nani atabaki kuwa upinzani?

Swali hili ni zito, na Zanzibar inalifahamu vizuri. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa takriban theluthi mbili ya kura, baada ya miaka mingi ya chaguzi zilizoacha majeraha. Pale amani ilikuwa hoja ya kwanza, nami naiheshimu. Ila CCM na CUF zilipokaa serikalini pamoja, Baraza la Wawakilishi lilikosa kambi ya kuwahoji mawaziri. Mkiingia katika serikali ya namna hiyo, daini kwa maandishi kwamba wabunge wenu wasio mawaziri wataongoza kamati za kusimamia hesabu na watakuwa huru kuuliza maswali hadharani.

Nani aamue tuingie, na tutajuaje kuwa wakati wa kutoka umefika?

Kuingia kuamuliwe na wanachama kwa kura, wakiwa wameusoma mkataba mzima. Kutoka ni kugumu zaidi. Chama cha Kijani cha Ireland kilijitoa Januari 2011, wiki chache kabla ya uchaguzi, na hakikuokoa kiti hata kimoja. FDP iliachana na serikali ya Ujerumani Novemba 2024 kwa mgogoro wa bajeti, na Februari 2025 ikapata asilimia 4.3. Aliyetoka akiwa amechelewa huonekana anakimbia, na aliyetoka kwa jambo ambalo hakuwahi kulitangaza huonekana msaliti. Andikeni ndani ya mkataba, siku ileile ya kusaini, jambo ambalo likivunjwa mtatoka na tarehe ambayo lisipotekelezwa mtatoka, na muwasomee wanachama kifungu hicho kabla hawajapiga kura.