Juzuu za One Piece kugeuka manjano na kuota madoa Entebbe
Ndugu, umesema juzuu zako za One Piece (katuni za Kijapani) zimegeuka manjano kingoni na kuota madoa yenye harufu huko Entebbe: hayo ni matatizo mawili. Umanjano wa kingo unatokana na lignini, kemikali ya asili ya mti iliyomo kwenye karatasi ya bei nafuu. Mwanga na hewa huibadilisha rangi, na umanjano huo haurudi nyuma. Hamisha rafu mbali na dirisha, basi. Madoa yenye harufu ndiyo ya kuogopa: ni kuvu, na unyevu wa ziwani unaistawisha. Acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta, usibane vitabu. Ukitaka boksi la plastiki, kausha juzuu kivulini kwanza. Ukizifungia na unyevu, kuvu itasambaa kote. Weka humo silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu: chembe za bluu zikigeuka pinki, zimeshajaa maji. Juzuu iliyoota kuvu itenge leo hii, kabla ya yote.