Pampu mtoni: hati ya shamba haitoshi

Mkuu, umeuliza kama hati ya eka zako 2 kando ya mto, Bonde la Wami/Ruvu, inakuruhusu kufunga pampu ya inchi 2 umwagilie nyanya. Hapana. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania, Na. 11 ya 2009, maji ni mali ya umma; hati imekupa ardhi tu. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuna shida, ila ukishaweka pampu, mfereji au banio (kizuizi cha kuchepusha maji ya mto), unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Mabonde yapo 9 na mipaka yake haifuati mikoa, kwa hiyo wengine wahakikishe wako bonde gani kabla ya kujaza fomu.

Wengi wanakosea kwenye kiasi cha maji wanachoomba kwenye fomu. Wanaandika namba iliyobandikwa kwenye pampu, wakati ile ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Anza na mmea. Nyanya ambazo majani yake yameshafunika udongo, jua kali, hunywa kama milimita 5 kwa siku. Eka moja ni mita za mraba 4,047, yaani lita 20,000 hivi; eka 2 ni 40,000. Mifereji ya udongo ikipoteza asilimia 40, utavuta kama 67,000. Kwa umwagiliaji wa matone (mipira yenye vitundu), 45,000 zinatosha.

Halafu pima pampu yenyewe. Weka pipa la lita 200 pale mpira unapomwaga maji shambani, si mtoni, ushike saa. Likijaa kwa sekunde 50, una lita 4 kwa sekunde, 14,400 kwa saa. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Kuna pia mita 60 kutoka ukingo wa mto, eneo la hifadhi ya chanzo cha maji: humo haziruhusiwi shughuli za kudumu wala zinazoharibu kingo. Pima kuanzia maji ya masika yanapofikia. Watu hupima kiangazi mto umesinyaa, masika yakija matuta yako majini na mbolea yote inakwenda kwa wanaochota chini ya mto.

Mwisho, kibali si ahadi ya maji. Ukame ukibana, Bodi inaweza kupunguza kiasi chako, na Jumuiya ya Watumia Maji hupanga zamu. Chimba bwawa nje ya hizo mita 60: mita 6 kwa 5, kina 1.5, ukuta wima, tandika turubai. Hapo una lita 45,000, siku nzima ya matone.