Re: "Sufu ni dhahabu" maana yake nini?

Ndugu, umeuliza kuhusu msemo aliokupa mwenyeji wako wa Visiwa vya Faroe, kule kwenye baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, na kama Machi panafaa kwenda. "Ull er Føroya gull", yaani sufu ni dhahabu ya Faroe, si majivuno. Kabla ya uvuvi kushika hatamu, soksi na fulana za sufu ndizo walizouza nje kwa karne nyingi. Basi nunua sweta la hukohuko; koti la mtumba halitakufaa.

Machi nenda. Tarehe 12 wanasherehekea kurudi kwa tjaldur, ndege wao wa taifa anayehama majira ya baridi. Nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo bila chumvi inanuka kweli, ila onja kidogo, usizibe pua mbele ya wazee.